Kaka Yangu Fundi Friji, na Barua Ambayo Hakuisoma

Ndugu zangu, wazazi, majirani, wateja wa marehemu, na nyie mliobaki juani pale nje kwa sababu viti vimetuishia, poleni sana, familia imenipa mimi karatasi hii niisome, mimi mdogo wake wa mwisho, mnayeniita Redio kwa kuwa sina kitufe cha kuzimia, shule nimesoma mpaka darasa la sita, la saba liliniogopa, kwa hiyo nikikwama kwenye neno mnivumilie, nikilia pia mnivumilie, ila naomba mtu asiondoke kabla sijafika mwisho, hasa wewe Mama Cherehani uliyekaa mstari wa tatu karibu na nguzo, nimekuona, nashukuru umekuja, nakushika miguu, kaa.

Kuzaliwa. Kaka yetu alizaliwa Jumatano tarehe 4 Juni 1969, saa nne asubuhi, katika zahanati ya nyuma ya soko, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu baba yetu, fundi wa kupaka rangi majumba, na mama yetu, yupo pale mbele, pole mama, na mkunga alisema mtoto ana kilo tano, mimi nasema saba, na inasemekana alilia mara moja tu, sauti ikafika stesheni, treni ikasimama ikidhani imepigiwa filimbi, kisha akanyamaza, na unyamavu ule akaenda nao miaka hamsini na minne, maana maneno yote ya familia hii niligawiwa mimi.

Elimu. Alianza shule ya msingi Januari 1977 akamaliza Novemba 1983, na alipokuwa darasa la tano friji ya mwalimu mkuu ilikufa, mafundi watatu wakaipigia saluti wakaondoka, kaka akaifungua kwa kijiko na msumari, akaifufua, kuanzia siku hiyo maji ya mwalimu mkuu yalikuwa baridi mpaka akiyanywa kengele ya shule inatetemeka, na mwaka 1986 mpaka 1988 akasoma chuo cha ufundi, fani ya majokofu na viyoyozi, akahitimu wa kwanza, wengine nadhani walienda pale kupiga makofi.

Kazi. Tarehe 20 Februari 1989 aliajiriwa kiwanda cha maziwa kama fundi wa vyumba vya baridi, akakaa mpaka kiwanda kilipopunguza watu Agosti 2006, hapo akafungua banda lake kona ya duka la dawa, mnalijua wote, na mnajua alivyokuwa akifanya kazi, hashiki chombo kwanza, anaegemeza sikio kwenye mlango wa friji, anafumba macho kama daktari, halafu anasema, "Huyu amechoka upande wa nyuma," na kweli, ukimgeuza unakuta tatizo upande wa nyuma, na ndugu zangu, kaka alipima kila kitu hapa duniani kwa ubaridi wake, mgahawa wenye friji mbovu haingii, duka lenye kiyoyozi kinachokoroma hanunui hata sindano, aliamini kabisa kwamba mtu anayetunza mashine yake ya baridi hawezi kumdhulumu mtu, na imani hii mtaisikia tena mbele, msiisahau.

Ndoa. Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, mhudumu wa maktaba, naye si msemaji, nyumba yao ukiingia unavua viatu na sauti mlangoni, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, 1998, sasa ni mwalimu, wa pili kijana, 2003, yuko chuo, wa mwisho binti, 2010, huyo aliyemlalia mama yake begani, na miaka ishirini na mitano waliishi vyumba vya kupanga, wakahama mara sita, kila wakihama kaka anatangulia kubeba friji, shemeji anafuata na vitabu, na kila mara kaka alikuwa anasema, "Hapa napo tunapita tu, mke wangu."

Nyumba. Kipengele hiki kwenye historia za watu hakipo, nimekiongeza mwenyewe jana, shemeji amekisoma akalia, akasema kisomwe, kwa hiyo nasoma.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 kaka alipata nyumba ya kununua mtaa huu huu, nyumba ya bati jekundu yenye chumba cha mbele kinachotazama barabara, aliyokuwa akiiuza Mzee wa Magunia, akaniambia, "Redio, mimi nyumba sijui, friji najua, nitafutie wakili wa kusimamia maandishi," na mimi badala ya kusema sijui, nikasema umefika kwa mwenyewe, mambo ya nyumba nayajua kuliko matofali, na mtaani hapa tulikuwa na wakili wetu, yupo pale kashika faili, ofisi yake iko juu ya kinyozi, feni yake ina mapanga mawili, la tatu lilihama, na desturi yake ni kwamba kabla hajaandika mstari mmoja anakwenda kwenye nyumba kwa miguu, anazunguka mipaka, anagonga kwa jirani wa kulia, wa kushoto na wa nyuma, anauliza, "Hii nyumba ni ya nani, na nani mwingine?", kisha ndiyo anakwenda ofisi ya ardhi, anarudi kalowa shati, na mimi mbele ya watu kwa kinyozi nikampachika jina Wakili Jasho, nikasema wakili gani huyu anatota kama mbeba zege, watu wakacheka, wakili samahani, na wewe ulicheka.

Nikamchukua kaka nikampeleka mjini kwa wakili wa ghorofa ya tisa, lifti ina kioo, kapeti linameza viatu, na kiyoyozi, ndugu zangu, kiyoyozi kile kilikuwa kinapuliza baridi mpaka kalamu inapiga chafya, kaka akasimama chini yake akafumba macho, akasikiliza, akaniambia taratibu, "Mashine hii inatunzwa, huyu ni mtu wa kweli," na hivyo ndivyo tulivyochagua wakili, sikio la kaka na mdomo wangu, na yule wakili mtaa wetu hakuukanyaga hata siku moja, jirani hakumuuliza, Mzee wa Magunia akamwonyesha barua ya mahakama kwamba yeye ndiye msimamizi wa mirathi ya baba yake, wakili akasema inatosha, tukapangiwa kusaini Ijumaa tarehe 11 Machi.

Sasa Jumatano tarehe 9 Machi 2022, saa tano asubuhi, Wakili Jasho alinikuta mlangoni kwa kinyozi, amevua koti, amebeba bahasha, akaniambia, "Redio, kazi si yangu na sidai kitu, lakini mpe kaka yako hii mkononi, ile nyumba ina warithi wawili, mirathi ile niliishughulikia mimi, dada mtu hajaulizwa, asisaini kabla hajaongea naye," na mimi nikamjibu, "Sawa wakili, jifute jasho," nikaitia bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti, koti hili hili nililovaa, sina lingine, nikafikiri, nikimpa kaka ataahirisha, mtaa mzima utasema Redio kapeleka mtu ghorofa ya tisa kumbe jibu lilikuwa juu ya kinyozi, na Ijumaa nikavaa koti hili nikakaa kando ya kaka yangu, barua iko hapa kifuani, yeye anasaini.

Yule dada wa Mzee wa Magunia ni wewe, Mama Cherehani. Nyumba ile ni ya baba yako, ulizaliwa humo, na wakili wetu huyu kwa nia njema alikwambia kwamba amemwandikia mnunuzi na barua ameifikisha, ukakaa siku mbili kwenye kibanda chako cha ushonaji unamsubiri fundi aje agonge, hakuja, ukasikia kasaini na kahamia na familia, ukaweka zuio ofisi ya ardhi hati isihamishwe, una haki, na miaka miwili ukawa unavuka barabara usikutane naye, naye kila asubuhi anakuamkia toka upande wa pili, "Shikamoo dada," mpaka siku ile mbele ya duka la dawa ukamjibu watu wanasikia, "Usiniamkie, uliandikiwa ukanipuuza, umeniona mimi takataka," na kaka akaja bandani, akakaa juu ya kompresa mbovu ya friji, akaniuliza, "Redio, mimi niliandikiwa nini?", nikamwambia, "Huyo mama kachanganyikiwa, achana naye, na yule wakili ana wivu wa kukosa kazi," naye akaniamini, kwa sababu maisha yake yote maneno alikuwa ananiachia mimi.

Oktoba 2022 tulipokwenda kuhamisha hati tukaambiwa kuna zuio, jina la aliyeliweka nikalimeza mimi, tukapanda ghorofa ya tisa, wakili hayupo, mle ndani wanauza mito ya kulalia, ila kiyoyozi ni kile kile, kaka akasimama chini yake akasikiliza muda mrefu, akasema, "Bado kizima," akashuka kwa ngazi, ghorofa zote tisa, hakutaka lifti, na Mzee wa Magunia naye alishahama, simu haipatikani mpaka leo.

Ugonjwa na kifo. Toka Novemba 2022 presha ilimpanda, mwaka uliofuata figo zikaanza kushindwa, akawa anakwenda kliniki kila wiki, na Jumatatu tarehe 22 Aprili 2024 akalazwa hospitali kuu, wodi namba nne, kitanda cha dirishani, ambako hata amelala aliwaambia wauguzi friji yao ya dawa imechoka, wakaiitia fundi, ikakutwa imechoka, na Jumanne tarehe 14 Mei, saa nane mchana, alinivuta mkono akasema, "Redio, nikiondoka kamuulize yule dada nilimkosea nini, umwombe radhi hata kama hatakwambia," nilitaka kusema, ndugu zangu, mimi ninayeongea na ukuta ukajibu, nikaishia kusema, "Sawa kaka," na saa tisa na dakika kumi akafariki.

Mama Cherehani, jibu ninalo, hakukukosea kitu. Barua ni hii hapa, bahasha ya kaki, muhuri wa wakili umepita juu ya gundi, tarehe 9 Machi, gundi haijaguswa, haijafunguliwa na mtu, na juzi Jumatano nilipanda juu ya kinyozi nikamweleza wakili yote, akasema, "Mimi miaka miwili namwona jeuri," akafuta macho, akasema jasho. Watoto wako, Mama Cherehani, wametoa notisi, shemeji na watoto watoke ifikapo tarehe 31 mwezi huu, wiki mbili toka leo, na kwa sheria wana hoja, sibishani nao, wakili ameniambia hakuna mlango mwingine uliobaki isipokuwa wewe mwenyewe uridhie, ameandika karatasi ya ridhaa yako, ndiyo hiyo iliyo kwenye faili, na shemeji ameweka jambo moja ndani yake ambalo kaka alilitamka siku ya kwanza alipoiona nyumba, kwamba chumba cha mbele kinachotazama barabara ni cha yule dada anayeshona kwenye kibanda kinachovuja, bila kodi, maisha yake yote, alitaka aje kukwambia baada ya kuhamia, hakujua kwamba alitakiwa kuja kabla.

Sikuombi unisamehe mimi, mimi nichukie, nivukie barabara, nitakusaidia kuhesabu magari. Ila yule aliyelala pale anaondoka saa kumi, na mtaa unamzika kama mtu aliyekudharau, na watoto wake wanatoka kwenye nyumba kwa dharau ambayo haikuwa yake, ilikuwa yangu, ilikuwa kwenye koti langu, nakuomba uifungue bahasha wewe mwenyewe hapa mbele ya watu, uone kama macho ya kaka yangu yalishapita humo.

Shukrani. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani mliochota maji na kupika siku tatu bila kutumwa, wenzake wa kiwanda cha maziwa mlioleta gari, kinyozi aliyefunga duka, na wewe wakili, ambaye leo mbele ya umati huu nakurudishia jina lako la Wakili, lile lingine nimelichukua, litanifaa mimi, ona shati langu.

Nakunja karatasi, nakuja mstari wa tatu na bahasha mkononi.

Pumzika kwa amani, kaka. Wewe hukujua. Aliyejua ni mimi.