Siuagi Mtaa wa Mabaraza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya mradi, Sheikh wetu na Padri wetu, wazee wenzangu, majirani zangu wa Mtaa wa Mabaraza hapa Kisarawe, mabibi na mabwana: nawasalimu kila mmoja kwa heshima anayostahili. Walio chini ya umri wangu wachukue marahaba zao mapema, kwa maana nikimaliza, huenda baadhi yenu msitake tena kuniamkia.

Mimi ni Mwanaamina binti Said, mwalimu mstaafu, mwenye nyumba ya katikati ya mtaa huu. Mmeniita niseme maneno ya kuuaga mtaa, kabla greda halijaja kesho asubuhi kuyakata mabaraza yetu yote, ili fremu za maduka zipate nafasi mbele ya nyumba. Mmeniweka kiti cha mbele, mmenivisha shada la maua, mmenipa kipaza sauti. Kwa kiti na kwa maua nawashukuru. Kuaga, siagi.

Mgeni Rasmi ametoka mbali, naye ana haki ya kuelezwa ni kitu gani kinachokatwa. Nyumba hizi ni za fito na udongo, zimepigwa lipu ya chokaa, na hakuna mtalii aliyepata kuzipiga picha. Ya kwanza aliijenga babu yangu, Mzee Abdulaziz, mkulima wa mihogo. Upana wa baraza lake hakuupima kwa futi. Alileta jeneza la msikitini, akawasimamisha watu wawili ubavuni mwake, huyu huku na huyu kule, akapigilia vigingi pale walipoishia. Kila aliyejenga baada yake aliliunganisha baraza lake na la jirani, kwa kimo kilekile, chini ya paa, bila ukuta wala pengo, mpaka kwenye mlango wa msikiti.

Kwa nini jeneza? Kwa sababu sisi wanawake wa Kiislamu wa hapa hatuendi makaburini. Wanaume hupita na jeneza barazani, nyumba baada ya nyumba, nasi husimama kila mmoja mlangoni pake, tukamuaga mtu wetu kwa karibu, mkono ukifika kwenye kitambaa kilichomfunika. Sisi hatuna mahali pengine pa kumuagia. Alipofariki Laurensia, mke wa Didas fundi wa kuchomelea, ambaye alikuwa Mkristo kutoka Bukoba, naye alipitishwa barazani, na wanakwaya wakaimba mbele ya milango yetu. Je, upo mlango uliofungwa siku ile? Haupo.

Ndugu Khalfani yupo hapa, na ameniruhusu nimseme. Hata asingeniruhusu, ningemsema. Mwaka mmoja, baada ya wezi kumwibia redio, Khalfani alizungushia baraza lake nondo, upande huu na upande ule. Tulinung'unika, tukanyamaza. Masika yalipoingia, mama yake, Bi Hajra, alifariki nyumbani kwa binti yake, mwanzo wa mtaa. Jeneza likaja barazani, mvua inamwagika, likafika kwenye nondo, likasimama.

Khalfani akasema, "Shukeni, jamani, mpite barabarani. Ni hatua chache tu."

Barabarani palikuwa na tope la kufika kwenye vifundo vya miguu. Mimi nilikuwa mlangoni pangu, upande wa pili wa nondo, namsubiri Bi Hajra, rafiki yangu. Zubeda, jirani yangu, akapaza sauti: "Khalfani! Mama yako hakupata kukanyaga tope hili hata kwa kufuata chumvi. Leo ndiyo umshushe?"

Wabebaji wakasema, "Hatushuki."

Didas, aliyezichomelea nondo zile kwa mikono yake, alikwenda mbio akaleta msumeno wa chuma. Khalfani akamnyang'anya. Akakata mwenyewe, mvua inampiga mgongoni, jeneza likiwa mabegani mwa watu, na hakuna aliyemharakisha. Kisha Bi Hajra akapita, nami nikamuaga.

Ndugu wajumbe wa kamati, hilo ni kosa la mtu mmoja, naye alilisahihisha siku ileile. La kwenu nalitajaje? Mlipita nyumba hadi nyumba mkimwambia kila mmoja, "Jirani yako amekwisha kubali, umebaki wewe tu." Nami niliambiwa hivyo. Nikamwuliza Zubeda, "Shoga, umekubali?" Akanijibu, "Mimi? Nimeambiwa wewe ndiye uliyekubali. Nikasema, masikini, mwalimu amezeeka!"

Mnatuahidi kwamba mtaa wetu utafanana na Kwa Mathias, kule kwenye safu za maduka. Kwa Mathias ni mahali pazuri, na nikiwa na shida ya vitu vya Kwa Mathias, nauli ninayo. Lakini nikifa, nitapitishwa wapi? Kati ya fremu ya vocha na fremu ya chipsi? Na wanangu wa kike watasimama mlango upi?

Jana jioni, wenye nyumba wote tulikaa barazani tukaulizana kwa midomo yetu wenyewe. Jibu sitalisema mimi. Majirani zangu, wenye nyumba wa Mtaa wa Mabaraza, ambaye hakukubali na asimame.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, geuka nyuma, tafadhali, uwatazame vizuri. Hata Didas, ambaye milango ya fremu ingempa kazi ya kuchomelea, amesimama. Hao ndio uliokwisha kuambiwa kwamba wamekubali.

Kesho mkija kwa miguu, mtakuta kahawa na kashata. Mkija na greda, mtatukuta tumekaa barazani, kila mtu mbele ya mlango wake, wanawake kwa wanaume, wala hatutashuka.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Anayetaka kunijibu, kipaza sauti ni hiki.