Mama Glasi na Swali la Juisi

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kama una mtoto mapajani usimshushe, maana habari za leo zinamhusu yeye kuliko zinavyokuhusu wewe. Wiki hii tumempoteza mwalimu wa walimu wa chekechea. Kazini alikuwa na jina refu lenye heshima zake, lakini wanafunzi wake wote walimwita Mama Glasi. Mwenyewe hata akipiga simu alijitambulisha hivyo hivyo. Basi na sisi tumwite Mama Glasi.

Alifundisha chuoni somo la makuzi ya mtoto. Yaani mtoto anakuaje: mwili wake, akili yake, moyo wake. Darasani kwake hukuanza na ubao. Ulianza na juisi.

Alikuwa na glasi mbili pana zinazofanana, na moja nyembamba, ndefu. Anamwita mtoto mmoja mbele, anamimina juisi sawasawa katika zile mbili pana. Mtoto anaangalia, anakubali kwamba ni sawa. Kisha juisi ya glasi moja pana anaihamishia yote kwenye ile ndefu, mtoto akiona kwa macho yake. Ndipo anauliza: "Haya, ipi ina juisi nyingi?"

Mtoto wa miaka minne atakuonyesha ile ndefu bila kupepesa macho. Akifika saba hivi, anakutazama kama umechanganyikiwa: "Si ni juisi ile ile!" Ipo nadharia inayosema kwamba akili ya mtoto hupanda ngazi, na kila ngazi ina namna yake ya kuiona dunia. Mama Glasi aliipenda nadharia hiyo kupita kiasi. Na alikuwa na sharti moja: mtoto akikosea, usimsahihishe. Cheka naye, mpe juisi yake anywe, mwache akue.

Na kucheka alijua! Binti yake, ambaye ni fundi cherehani, ametusimulia: "Mama akisikia mtoto anasema 'ile ndefu', anacheka mpaka anashika ukuta. Mgeni akija na mtoto, hata hajaulizwa hali, mtoto ameshawekewa glasi. Nilikuwa naona haya, jamani. Mwishowe nikazoea."

Fundi cherehani huyu ana binti mmoja. Huyo ndiye mjukuu aliyemteka Mama Glasi roho. Bibi alimwita mke mwenzangu, na kila alipokuja kumtembelea, glasi zilitoka kabatini. Ipi ina nyingi? "Ile ndefu, Bibi!" Bibi hoi kwa kicheko. Mtoto akafika miaka mitano, ile ndefu. Akafika sita, ile ndefu. Akafika saba, wenzake wote wanajibu ni sawa, yeye bado ile ndefu. Sasa kicheko cha Bibi kikawa kinaanza vizuri na kuishia na wasiwasi.

Balaa likaja shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa mwanafunzi wa Mama Glasi, tena wa mstari wa mbele. Naye, kwa mapenzi ya mwalimu wake, alizinunua glasi kama zile na kuzifanya mtihani wa kuingia darasa la kwanza. Anayejibu ni sawa, anapanda. Anayejibu ndefu, anabaki chekechea mwaka mwingine. Mjukuu akaulizwa. Akajibu ndefu. Rafiki zake wote wakapanda, yeye akaambiwa abaki.

Fundi cherehani akaja kwa mama yake na tepu ya kupimia bado iko shingoni.

"Mama, yule ni mwanafunzi wako. Mwambie neno."

"Nimwambie nini, mwanangu? Hata kwangu anajibu hivyo hivyo. Mtoto hasukumwi. Mwache akae mwaka mmoja."

"Akae na wanaonyonya vidole? Asubuhi hataki hata kuvaa sare, Mama. Anasema yeye ni mjinga."

Mama Glasi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sayansi haina mjukuu," akasema.

Wasikilizaji wapendwa, maneno kama hayo yanapendeza ukiwa mbele ya darasa. Kwa mwanao aliyekuja anahema, hayapendezi hata kidogo. Fundi cherehani aliondoka bila kuaga, na chai aliyotengewa ikapoa mezani.

Siku chache baadaye, wajukuu walikuwa wamejaa nyumbani kwa Bibi. Yeye alikuwa chumbani amejinyoosha. Akasikia kilio jikoni, akaenda taratibu, akasimama mlangoni. Mke mwenzake alikuwa akiwagawia wajukuu wadogo juisi. Glasi hazikutosha, kwa hiyo wa mwisho alimiminiwa kwenye bakuli, na huyo ndiye aliyekuwa akilia.

"Umenipunja! Yangu kidogo!"

"Hujapunjwa," yule binti akamwambia. "Ni sawa na ya kaka. Ya kaka imesimama, yako imekaa."

Mdogo hakuridhika. Basi binti akachukua bakuli, akarudisha juisi kwenye glasi, akamwonyesha ilipofika, akaimimina tena kwenye bakuli. "Umeona? Kunywa sasa, acha kelele."

Bibi akamnyooshea mkono. "Mke mwenzangu, hebu njoo. Kumbe unajua! Mbona mimi nikikuuliza unasema ndefu?"

Mtoto akaangalia vidole vya miguu yake. "Kwa sababu nikisema ndefu unacheka, Bibi."

"Na shuleni je?"

"Nilidhani na mwalimu mkuu atacheka."

Mama Glasi alikaa chini pale pale, kwenye sakafu ya jikoni. Alicheka na machozi yakamtoka, na mwenyewe hakujua yapi ni ya nini. Kisha akainuka, akaenda shuleni na ndala zake za jikoni.

Mwalimu mkuu anakumbuka vizuri. "Aliniambia, 'Mwanangu, nilikufundisha kuwatazama watoto, sikukufundisha kuwafungia mlango.' Nikamjibu, 'Lakini mwalimu, si wewe uliyesema?' Akasema, 'Nilisema. Na mimi nilikuwa nimewatazama nusu.' Glasi nilizitoa ofisini siku hiyo hiyo. Sasa zina maua."

Mtoto akapanda darasa la kwanza. Mama Glasi akaenda kwa binti yake, akakaa kwenye rundo la vitambaa, akamwambia: "Sayansi haina mjukuu, lakini mimi ninaye. Nisamehe, mwanangu." Safari hii chai ilinyweka.

Tangu hapo somo lake lilibadilika. Ngazi zilibaki. Lakini aliongeza kwamba mtoto hapandi peke yake. Anapanda akiwa kati ya watu, na analofanya leo kwa kushikwa mkono, kesho atalifanya mwenyewe. Na kila mwaka aliwaambia wanafunzi wapya: "Mtoto hajibu swali tu. Anamjibu mtu."

Mjukuu yule sasa ni fundi umeme, mwanamke mzima mwenye ngazi yake ya kweli juu ya gari. Wiki iliyopita alikuja na juisi. Bibi alikuwa kitandani, sauti imebaki kidogo tu. Mjukuu akazitoa zile glasi kabatini, akamimina, akahamisha, akamsogezea. Bibi akanong'ona: "Haya, ipi ina nyingi?"

"Ile ndefu, Bibi."

Fundi cherehani alikuwepo. Anasema mama yake alicheka mpaka akanyoosha mkono kuutafuta ukuta.

Kwa fundi cherehani, kwa fundi umeme, kwa wajukuu wote na kwa walimu aliowalea: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi, na tunacheka pamoja nanyi, maana yeye asingekubali tulie tu.

Nawe msikilizaji, huyo mtoto uliye naye hapo, akikujibu leo jambo lisilo sahihi, usiharakishe kumsahihisha. Mtazame kwanza. Huenda jibu analijua siku nyingi, na anachosubiri ni kukuona ukicheka.