Mkwe wa Khamisi Anatafuna Mchele

Kijiwe chetu kiko Kibiti, ubavuni mwa gereji ya pikipiki: benchi moja la mbao linalobeba watu wanne kihalali na tisa kwa ubishi. Mimi hapa wananiita Injinia, maana niliwahi kufufua baiskeli iliyokatiwa tamaa na mafundi wa wilaya tatu. Kahawa ya Bwanaheri ni kali, nzi akitua kwenye kikombe anaruka moja kwa moja mpaka Ikwiriri bila kupumzika. Asubuhi hiyo Mzee Khamisi alikuja, akakaa, hakuagiza kitu. Saa nne boda ilikuwa inakuja nyumbani kwake kumchukua Zabibu, mke wa mwanawe Hashimu, imrudishe kwao Mbuchi. Ndoa ina miezi minane.

— Kakosa nini, mzee? nikauliza.

— Uvivu. Mtoto ana miaka kumi na tisa, ndoo moja ya maji anaitua mara tatu njiani. Akifika anahema kama kakimbizwa na kiboko. Juzi shambani kavuna matuta mawili, kasema kizunguzungu, kajilaza.

— Isijekuwa mimba.

— Kapimwa. Hamna.

— Mwambie Injinia habari ya mchele, akadakia Amri. Huyu tunamwita Satelaiti, habari zako anazijua kabla hazijakufika wewe.

Khamisi akashusha sauti.

— Anatafuna mchele mbichi. Mama Hashimu kamkuta mara nne jikoni, kru kru kru, kama panya.

— Basi hilo jini la mpunga, Satelaiti akasema. Wali halitaki, linataka mbichi. Kule Mbwara lilimpanda dada mmoja, akamaliza gunia mbili na pumba zake.

— Acha uongo wewe, Bwanaheri akasema huku anamimina. Ni simu. Ule mwanga unanyonya nguvu kupitia machoni. Huoni wasichana wa siku hizi wamepauka?

Nikakohoa, maana zamu ya msomi ilikuwa imefika.

— Nyie shule mliipita kwa nje. Mimi nilifika darasa la sita na miezi. Mbuchi maji yana chumvi. Mtu kakulia kwenye chumvi, unamleta huku kwenye maji baridi, damu si inayeyuka kama sukari kwenye chai? Halafu mchele mbichi ukikaa tumboni ukapata maji, unaota. Mwezi wa sita mtamvuna huyo.

Tukacheka, benchi likalia. Khamisi hakucheka.

— Mie yule mtoto nampenda, akasema. Adabu tupu. Ila mke wangu kachoka, anasema hawezi kuwa na mkwe wa kutandikiwa kitanda.

Pale gereji alikuwa amesimama Marsela, nesi mpya wa zahanati, mtu wa bara, anasubiri pikipiki yake izibwe pancha. Kumbe masikio yote yalikuwa kwetu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahani, mzee. Kiganja cha huyo mkwe wako kikoje?

— Nikishike mie kiganja cha mkwe?

— Si anakunawisha mikono kabla ya kula? Huwa unakiona.

Khamisi akafikiri.

— Kimekuwa cheupe. Kama cha mtu aliyeshinda anafua.

— Na akiwa kwenye siku zake, damu zinatoka nyingi?

Bwanaheri akaanza kusugua dele la kahawa lililokuwa linang'aa tayari. Mimi nikatazama barabara.

— Haya, hilo nitamuuliza mwenyewe, nesi akasema. Ila huo si uvivu, wala jini. Kuhema, kizunguzungu, kupauka, kutamani mchele mbichi, wengine udongo, wengine barafu: mara nyingi ni upungufu wa damu. Tunamtoboa kidole, tunapima, ndiyo tutajua. Ikiwa ndiyo, tunatafuta inakopotelea.

Khamisi akakasirika kidogo.

— Kwangu, mama, samaki haikosekani. Damu ipungue kwa lipi?

— Sawa, mzee. Jana alikula nini?

— Jana tulikula kambale, mnene hivi.

— Hao ni nyie. Yeye alikula nini?

Khamisi akaingiza mkono mfukoni. Kwake ni kama kwetu sote: sinia la kwanza linakwenda barazani kwa wanaume, la pili kwa mama mkwe na watoto. Mke mgeni, aliyepika, anamalizia na sufuria. Akatoa simu, akaweka spika.

— Mama Hashimu. Zabibu jana kala nini?

— Si kala.

— Kala nini?

Tukasikia kuku wa huko.

— Mie nilishaingia ndani, mume wangu.

— Vipande vya samaki vilibaki?

— Mchuzi ulikuwepo.

Khamisi akasimama.

— Boda ikija, begi lake liacheni ndani. Apande, na wewe panda naye. Njooni zahanati.

— Na Mbuchi wanaomsubiri?

— Nitawapigia.

Akaondoka na nesi. Tukabaki watatu. Mimi nyumbani nina mabinti wawili, na mdogo juzi alikaa chini akiwa anafagia uwanja, nikamcheka. Nikamtazama Satelaiti, anayejua mambo ya kila nyumba, aniambie jana wanangu walikula nini. Akainamia kikombe chake.

Nikajaribu kukumbuka mwenyewe. Nilichokumbuka ni kichwa cha kambale, na nilikifyonza mimi.