Veneranda Kalunde, Aliyemngoja Tobias Atoke Kichakani

Ndugu, jirani, na wewe Padre uliyetoka Tabora kuja kutuzikia, anayesoma ni Josepha, mdogo wake wa tumbo moja. Mnivumilie.

Dada yetu Veneranda Kalunde alizaliwa hapa Tura mwaka 1912, mwaka ambao reli ilifika Tabora. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Marko, mpagazi wa zamani aliyebeba pembe mpaka Bagamoyo mara tatu, na Mama Sikuzani. Alibatizwa tarehe 15 Agosti 1920.

Kuanzia 1921 hadi 1924 alisoma kwa masista. Alijua kusoma, kuandika na kushona. Sista mmoja alimwandikia baba kwamba ni mwanafunzi mwema ila ana wasiwasi mno. Usiku aliamka kuangalia kama mlango umefungwa, akalala, akaamka tena kuangalia. Nyumbani barua hiyo haikumshangaza mtu.

Kazi yake ilikuwa kulima, na kuuza mayai na karanga za kuchemsha pale stesheni. Treni ikichelewa, wenzake walijilaza kivulini. Yeye alisimama wima akiitazama reli, akiwaombea abiria ambao huenda wameshaanguka darajani. Treni ikifika salama, alisahau kuuza.

Tarehe 6 Juni 1931 alifunga ndoa na Tobias Mihambo, mwindaji wa upinde. Mtu mwenye wasiwasi namna ile kuolewa na mwindaji! Hata sisi tulijiuliza. Walijaliwa watoto wawili, Wenceslaus na Marcelina. Katika ukoo wa Tobias, mume akiwa porini mke ana miiko yake: hagombani na mtu, hasuki nywele, na huketi chini ametulia, maana akihangaika yeye nyumbani, mnyama naye huhangaika kule. Dada aliishika miiko hiyo yote.

Mwaka 1950 Mzungu mmoja wa sinema alimchukua Tobias mpaka pori la mto Ugala, siku nne kwa miguu kutoka Urambo, akampiga picha akiwinda. Mwaka uliofuata gari la sinema likaja Tura. Fundi wa mashine, Bwana Mabruki wa Tabora mjini, alitundika shuka jeupe, giza lilipoingia akawasha. Tukamwona Tobias akinyata katikati ya miombo, akidondosha majivu kidogo kidogo kupima upepo, akavuta upinde mpaka kidole kikagusa shavu, akakaa hivyo, akakaa, mpaka sisi tukaishiwa pumzi. Ilikuwa kazi nzuri, jamani. Wazee walitikisa vichwa kwa raha. Dada yeye aliteremka kwenye benchi, akaketi chini, akafumba mdomo. Na Tobias mwenyewe yuko ubavuni pake anatafuna karanga! Akamnong'oneza kwamba swala yule walishamla zamani. Dada hakumjibu mpaka mnyama alipoanguka. Watu walicheka hata machozi yakawatoka.

Septemba 1952 Mzungu alirudi, sasa akitaka nyati. Tobias alikwenda, hakurudi. Tuliambiwa kwamba nyati aliyejeruhiwa alimvizia kichakani, na kwamba walimzika hukohuko. Kaburi hatukuonyeshwa. Picha ndiyo tuliyoonyeshwa, mwaka 1954. Tobias anafuata matone ya damu, anasimama ukingoni mwa kichaka, anapima upepo, anaingia. Hapo picha inakatika, tunaonyeshwa viboko mtoni.

Dada alisema neno moja tu: "Hajatoka."

Basi akamngoja. Alikataa matanga, akakataa misa ya wafu, nywele zake hazikusukwa kwa miaka sita. Gari la sinema likienda Urambo, alipanda treni kulifuata. Aliketi chini mbele kabisa, akinong'ona kwamba upepo umegeuka, Tobias, umegeuka. Wenceslaus alimfokea kwamba anaaibisha familia. Hakumjibu, maana mke wa mwindaji hagombani. Mimi niliogopa jambo moja, nalo lilininyima usingizi: kwamba atakufa angali anangoja, bila kumlilia mumewe hata siku moja.

Januari mwaka huu miguu ilianza kumvimba. Daktari alisema ni moyo, na tusimshtue. Tarehe 24 Julai gari likaja tena. Mchana huo nilikwenda kwa Bwana Mabruki, nikamsihi amtoe Tobias kichakani. Alinijibu kwa upole kwamba hawezi kuonyesha kisichopigwa picha. Kisha akaitazama mashine yake, akasema kwamba inaweza kuirudisha picha nyuma. Mpaka jioni nilikuwa na hofu. Je, mshtuko ukimuua? Je, ni dhambi? Padre, kama ni dhambi, nitaungama Jumamosi.

Vijana wanne walimbeba na kitanda chake mpaka mbele ya shuka la sinema. Tobias akaingia kichakani kama kawaida. Mashine ikasimama, ikalia, kisha matawi yakafunguka na Tobias akatoka, mgongo mbele, hatua kwa hatua, upinde mkononi, akaja mpaka kwenye nyasi za wazi alikoanzia. Watoto walianza kucheka, nikawafinya. Sikuthubutu kumtazama dada.

"Josepha," akasema, "anatembea kinyumenyume."

Nikajua nimemuua.

"Lakini ametoka," akasema. "Sasa nishike, nimlilie."

Alilia mpaka shuka likakunjwa, na Tura nzima ililia naye. Kesho yake Marcelina alimsuka. Jumamosi tarehe 26 misa ya wafu ilisomwa, akaisikiliza yote. Alifariki Jumapili tarehe 3 Agosti 1958, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na mimi mdogo wake. Ametanguliwa na mumewe, marehemu Tobias Mihambo. Neno hilo la marehemu aliniamuru mwenyewe niliandike, siku tatu kabla ya kufa kwake, akanitazama mpaka nikalimaliza.

Mungu ampe pumziko jema. Dada, lala. Hakuna tena wa kumngoja.