Sosamma Ittoop, Aliyehama Kiingereza Akaenda Kuuliza

Dada yangu Sosamma alizaliwa hapa Pala, Kerala, kusini mwa India, tarehe 3 Novemba 1956, mtoto wa kwanza wa Mwalimu Ittoop na Mama Eli. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alitembea kabla hajajua kukaa vizuri, na kukaa hakujifunza tena.

Baada ya shule ya watawa, mwaka 1974 alikwenda Kottayam kusomea shahada ya Kiingereza. Baba, aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote, alitembea kifua mbele. Lakini kazi za Dada zilirudi zimekatwa alama, mpaka mwalimu wake akachoka.

"Nimekuuliza shairi linasema nini. Sijakuuliza kama ni kweli."

"Sasa hilo la kweli wanauliza akina nani?"

"Watu wa falsafa. Nenda ukawasumbue wao."

Akaenda kweli. Mwaka 1977 alipata nafasi ya uzamili wa falsafa Madras, na nyumbani hapakukalika. "Kiingereza kinaleta wali mezani," Baba alimwambia. "Hiyo falsafa yako inaleta nini?"

"Wali nimeshiba, Baba. Ninachokosa ni usingizi."

Baba hakumzuia, ila alimwambia kila mtu, hata mshenga, kwamba binti yake yuko Madras anaongeza Kiingereza. Kwa hiyo likizo ya 1978, akina Punnoose, kijana aliyeletwa na mshenga huyo, walipokuja kumwona binti, walikuja kutafuta mwalimu wa Kiingereza. Dada aliingia na sinia la chai na ndizi za kukaanga, na kwa desturi yetu alitakiwa kunyamaza. Baba yake Punnoose akauliza Kiingereza kinakwendaje.

"Nimekiacha, mzee. Nasoma falsafa, na nikiolewa siiachi."

Baba alitazama sakafu. Sote tulijua mambo yameharibika. Punnoose mwenyewe ndiye aliyesema, "Mimi shuleni nilifukuzwa kwa kuuliza maswali. Kaa basi, chai inapoa." Walifunga ndoa tarehe 12 Mei 1979, uzamili ukiwa umekamilika.

Kazi ya falsafa haikupatikana upesi. Alifundisha Kiingereza, akihama chuo hiki na kile, kila mahali akiacha ugomvi ofisini na wanafunzi wanaomlilia. Mwaka 1988 alihitimu uzamivu huku akimnyonyesha mwanawe Jiju, kisha akafundisha falsafa Kozhikode mpaka alipostaafu mwaka 2012.

Februari mwaka huu wa 2019 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Padri Kuriakose alipokuja kumpaka mafuta ya wagonjwa, Dada alimuuliza kwa nini Mungu aombwe jambo analolijua tayari.

"Mama, tusali kwanza. Tutabishana baadaye."

"Baadaye yangu iko wapi, Padri?"

Padri akavuta kiti. Walibishana mpaka mvua ikakatika, ndipo Dada akakubali kupakwa mafuta. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Juni, Punnoose akiwa pembeni yake. Inaniuma kusoma maneno haya yote bila yeye kunikatiza.

Ameacha mume, Punnoose, watoto wawili, Reenu na Jiju, wajukuu watatu, na mimi mdogo wake, Chacko.

Ibada inatutaka tumwombee mapumziko. Namjua dada yangu, yangemchosha. Bwana, mpe amani, na umpe jibu lake. Na likizaa swali jingine, usimwambie "baadaye."