Pancha Nne za Wiebe Juu ya Tuta

Bandarini Wierhaven kuna benchi la mbao ndani ya kibanda, mgongo limeipa bahari, uso njia ya baiskeli. Wenyeji wanaliita Benchi la Waongo, na wanaolikalia hawaoni haya hata kidogo, wanajivunia. Saa nne asubuhi Baukje, muuza samaki mstaafu, huja na chupa ya kahawa na kopo la biskuti. Kila mtu biskuti moja, kopo linafungwa, na ole wako ulitupie jicho mara ya pili. Durk ndiye Profesa, maana tangu azaliwe hajatamka neno "sijui". Sjoerd ni Upepo, kwa kuwa akienda upepo unampiga usoni, na akirudi unampiga usoni vilevile. Asubuhi hiyo ya Januari Wiebe alifika wa mwisho, anaikokota baiskeli, tairi la nyuma limelala bila upepo. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na huzuni.

— Ya nne hiyo! Upepo akampokea kwa furaha. Jumatatu, Jumanne, jana, leo! Bwana wee, unazikusanya?

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Profesa.

— Kibaba cha pancha? Wiebe akafoka. Hebu niacheni, jamani. Leo tena Tjitske hakula.

Tjitske ni mkewe Wiebe. Tangu mwaka jana anaishi katika nyumba ya wazee ya Oosterwier, kilomita tano kwa njia iliyo juu ya tuta la kuzuia bahari. Mengi yamemtoka kichwani, hata majina ya wanawe. Lakini kila saa mbili asubuhi, giza la baridi halijaondoka, anasimama dirishani kuitafuta taa ya baiskeli juu ya tuta. Akiiona inakuja, anaketi mezani na kumngoja mumewe wanywe chai. Asipoiona, mkate haugusi. Na taa ya Wiebe ni ya dinamo: gurudumu likizunguka kwa kasi inawaka, ukishuka kukokota imezimika. Siku nne mfululizo alikuwa amefika saa tatu, kwa miguu, bila taa.

— Na leo trekta imenikosa hivi, Wiebe akaonyesha unene wa kidole. Dereva anasema hakuniona.

— Angekuonaje? Baukje akadakia. Koti jeusi, kofia nyeusi, suruali nyeusi! Kizibao hiki cha kung'aa nakibeba tangu Jumatatu, unakikataa.

— Mimi nivae nguo za watengeneza barabara?

— Trekta haikuuliza koti lako limeshonwa wapi. Vaa! Na taa hii ya betri ifunge hapo mbele, hiyo haijali kama unaendesha au unakokota.

Wiebe akakivaa huku akinung'unika, akaifunga na taa. Upepo akajifanya kuziba macho kwa mng'ao.

— Haya, umeonekana, akasema. Lakini pancha je? Mimi mchawi wako namjua. Ni kunguru.

— Kunguru! Wiebe akashangaa.

— Watu wamekuja kukata ua wa miiba kule tutani, si mmeona? Viota vya kunguru vimekwenda na maji. Sasa wanaokota miiba, wanaidondosha njiani makusudi. Wanamlenga Wiebe, ndiye anayepita wa kwanza.

— Wapi! Baukje akacheka. Ni kondoo. Wanapenya kwenye ua huo, miiba inanasa kwenye manyoya, wanatembea nayo na kuimwaga njiani.

— Kondoo wamefungiwa zizini tangu Novemba, mama, Upepo akamkatiza.

— Ndiyo maana wana hasira!

Profesa akakohoa, akaweka kikombe chini. Wote wakajua yanakuja makubwa.

— Mnasema mambo ya watoto. Tatizo ni zile mashine za upepo kule baharini. Mapanga yake yakizunguka yanavuta chuma. Chuma chote kilicholala ardhini kinasimama wima: misumari, pini, vyote. Na ukipita, dua la kuku halimpati mwewe.

— Dua limeingiaje hapa? akauliza Wiebe.

— Fikiri mwenyewe.

Wakati wote huo mikono ya Profesa ilikuwa kazini. Alikuwa ameshaichomoa tyubu, ameipasha joto kwa pumzi yake, ameipaka sulusheni, ameibandika kiraka. Ndiye aliyeziba zote tatu zilizopita, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Hapa kwetu mtoto anajifunza kuziba pancha akiwa na miaka saba, na kumfundisha mtu mzima kazi hiyo ni kumtukana.

— Hii haitavuja mpaka kiama, akasema, kama alivyosema Jumatatu.

Hapo Hiske, mpishi mpya wa kule Oosterwier, aliyekuja kununua samaki, akashuka kwenye baiskeli yake.

— Mzee Wiebe, Bi Tjitske amerudi dirishani. Nimemwambia kumeshakucha, lakini anasema anangoja taa.

Hiske akaitazama tyubu iliyolala magotini mwa Profesa, akainama zaidi.

— Viraka vinne, vyote mahali pamoja. Tairi lenyewe, huko ndani, nani kati yenu amepitisha kidole?

Upepo akamtazama Baukje. Baukje akalitazama kopo la biskuti. Profesa akafungua kinywa, kikakaa wazi, halafu akakifunga.

Wiebe akaingiza kidole ndani ya tairi, akakizungusha polepole. Hajafika nusu akaruka.

— Aii!

Akauvuta kwa kucha. Mwiba wa ua, mfupi kama punje ya mchele, umejichimbia kwenye mpira, ncha inachungulia ndani. Akauweka kiganjani, damu kidogo pembeni yake.

— Siku nne, akasema. Siku nne mke wangu amekaa na njaa kwa ajili ya huyu.

Baukje akainamisha chupa juu ya kikombe cha Wiebe. Hakikutoka kitu, kahawa imekwisha.

— Basi nenda, bwana, akamwambia kwa upole. Nenda sasa hivi, na taa iwake njia nzima, anaingoja.

Profesa akamaliza kulirudisha tairi. Akapiga magoti kwenye mawe yenye barafu, akashika pampu, akaanza kujaza upepo.