Chumba cha Nyuma Nakirithisha Maji

Nishusheni. Nimesema nishusheni, mimi si gunia la mkaa. Rudisheni godoro kitandani, na blanketi hilo msiliburute majini. Nimefua nguo za watu miaka arobaini na mitatu, sitaki kufa nimefunikwa tope. Hivyo. Sasa simameni ninapowaona, wote watatu: wewe kifungua mimba wangu, mwashi, uliyeinua kitanda hiki ukakipachika juu ya matofali matatu kila mguu, wewe mkamwana, acha kulia, maji yametosha humu ndani, na wewe binti yangu mwalimu, toa kalamu uandike, maana ndugu yako akisikia jambo lisilompendeza hulisahau kabla halijaisha. Wajukuu mmekwisha kuwapeleka shuleni kule mlimani, vizuri. Mimi siendi. Nimelisikia gari la kipaza sauti likitangaza wakazi wa mabondeni wahame mapema, limetangaza hivyo maji yakiwa yameshaingia kwenye droo ya chini ya kabati langu, kisha likageuza upesi lisije likazimikia hapa. Siendi. Nina la kusema na nina la kufanyiwa, na msipolifanya mtanitoa humu nikiwa maiti, na maiti hana haraka.

Mwalimu, tazama mguu wa kitanda. Maji yamefika wapi? Tofali la kwanza limezama. Haya, muda upo, lakini si wa kuchezea.

Sikilizeni basi, na asinikatize mtu, pumzi nilizobakiwa nazo nazijua idadi. Mvua hii ya kipupwe mnaijua. Ile ya joto huja na ngurumo zake kama mlevi anayerudi nyumbani, mtaa mzima unajua anakuja na mwenye akili anafunga mlango. Hii haina kelele. Inanyunyiza leo, inanyunyiza kesho, nguo hazikauki, ukuta unatoka jasho, watu wanasema ah, manyunyu tu, na siku ya sita ardhi imeshiba haina pa kuweka tone jingine. Leo ni ya nane.

Nilipoletwa nyumba hii bibi harusi, mfereji ulipita nyuma ya ua, wazi, mtu mzima aliweza kusimama ndani yake kichwa kisionekane. Baba yenu alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi katika hayo machache yalikuwa ya kuulizia chakula, lakini moja alilonifundisha ninalo hadi leo: mfereji ukikoroma, lala, ukinyamaza, amka. Maji yalipopita vizuri juu ya mawe yale yalikoroma kama mzee aliyeshiba, nasi tukalala. Na kila kipupwe kilipokaribia, ile rimu ya gari iliyotundikwa pale kona iligongwa, kila nyumba ikatoka na beleshi, kila nyumba ikazoa tope lililo mbele yake. Zoa lako, la mwenzio usichungulie. Desturi nzuri ile, ilikuwa na tundu moja tu, na tundu hilo ndilo nililopitia mimi.

Baba yenu alipokufa nilichoka kubeba maji machafu beseni kwa beseni. Nikataka chumba cha kufulia, kile cha nyuma, juu ya mfereji wenyewe, chenye tundu sakafuni, nimwage na kusahau. Wewe mwashi ndiyo kwanza ulikuwa umejua kushika mwiko. Ukasema mama, chini tuache wazi, juu tuweke kama daraja. Nikasema bomba linatosha. Ukasema bomba ni jembamba. Nikakuuliza, kati yetu ni nani aliyemzaa mwenzake? Ukainamisha kichwa, ukalaza bomba, ukaukatisha mfereji kwa ukuta huku na ukuta huku, ukamwaga zege. Mwalimu, andika: mwashi alisema kweli, mama yake akamziba mdomo. Nisije nikasikia mnamlaumu yeye.

Humo tunduni nimemwaga povu, nyuzi, vifungo, matambara, majivu ya pasi. Na rimu ilipogongwa nilitoka na beleshi langu likiwa safi, nikasema, langu nimeshazoa. Nani angebisha? Langu lilikuwa chini ya sakafu yangu. Ulipooa, tukaweka kitanda juu ya tundu, kikawa chumba cha maharusi. Mkamwana, ulilalamikia harufu, nami nikatangaza kwa wateja wangu wote kwamba nimeletewa mkwe mwenye maringo ya pua. Ulikuwa na pua nzima. Usitabasamu sana, bado sijamaliza.

Sasa linakuja lile lenyewe. Mnamkumbuka Bwana Ramani wa manispaa, aliyekuja kupima mifereji amevaa viatu vya ngozi vinavyong'aa, mtaa mzima ukamcheka? Viatu vilichekesha, macho yake hayakuchekesha. Alipiga magoti matopeni nyuma ya nyumba, akachungulia bomba, akainuka, akachora kwenye ukuta wa chumba cha nyuma ile eksi nyekundu ya kuvunjiwa. Ninyi mlikuwa makazini. Hakufika kona ya pili, rangi bado mbichi, nilikuwa nimeshika mafuta ya taa, sabuni ya mche na brashi ya waya. Mimi ni dobi. Nimetoa damu kwenye shuka za wodi ya wazazi, nimetoa wino kwenye mashati ya makarani, nishindwe na eksi ya manispaa? Nilipomaliza, ukuta ule ulikuwa msafi kuliko siku ulipopakwa chokaa.

Wiki tatu baadaye wakaja wavunjaji, na Bwana Ramani hakuwamo, walisema amehamishwa. Karatasi yao ilisema wavunje penye eksi, kando ya mfereji, na eksi hawakuiona. Wakaniuliza. Nilikuwa naanika. Sikufungua mdomo. Niliinua kidevu tu, hivi, kuelekea kwa jirani, kisha nikatia kibanio kingine kwenye kamba. Wakavunja banda la jirani huyo, fundi cherehani. Alipiga kelele yule mama, akawaonyesha ukuta wangu, eksi ilikuwa pale, nimeiona kwa macho yangu haya! Wakautazama ukuta, mweupe. Wakamwambia mama, acha fitina.

Ndipo mlipoanza kumwita Mama Fitina. Mlilitoa wapi jina hilo? Mlilitoa humu ndani, nililipika mimi, mkalila, mkawalisha na watoto wenu. Miaka minne hatusalimiani naye, na kila mmoja wenu anaamini yeye ndiye aliyetukosea. Kipupwe kilichofuata maji yalifika kwenye bomba langu, yakakuta limeziba, yakarudi nyuma yakamwingilia yeye. Mumewe alisimama majini siku mbili akipanga viroba vya mchanga, kifua kikamkamata, mwezi haukuisha. Nilikwenda msibani. Nilimfulia marehemu nguo zake, nikazipiga pasi, nikazikunja, nikamkabidhi mjane bila kumtazama. Mtadhani tangu siku hiyo sikulala. Nililala. Wanaosema dhambi humnyima mtu usingizi hawajawahi kufua tangu alfajiri mpaka magharibi. Kilichokuja kuninyima usingizi baadaye ni mfereji. Ulikuwa umenyamaza.

Na kila mwaka mchezo ni ule ule. Mwenyekiti wa mtaa anakuja na daftari kuandika walioingiliwa na maji, manispaa inasema wananchi ndio wanaoziba mifereji, wananchi wanasema manispaa imelala, na mimi nimekaa kiti cha mbele mkutanoni, napigia makofi pande zote mbili. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo za mtaa huu zote nimezifua mimi.

Maji yako wapi? Usinong'one, sema. Tofali la pili. Lote? Nusu. Haya.

Andika urithi. Nyumba hii, vyumba vya mbele, ni ya watoto wangu wawili sawasawa, asiwepo wa kumwambia mwenzie wewe mwanamke, wewe umeolewa. Pasi ya mkaa na mabeseni makubwa ni ya mkamwana, kazi anaijua kuliko alivyowahi kusikia kutoka kinywani mwangu. Mwalimu achukue kabati, droo ya chini imekwama, ikipigwa teke hufunguka. Chumba cha nyuma simrithishi mtu. Chumba cha nyuma nakirithisha maji. Pale palikuwa pao kabla sijazaliwa, nami nawarudishia wenyewe leo, mchana huu, mbele ya macho yenu. Mwashi, kachukue nyundo kubwa.

Usinitolee macho. Unasema nini? Ndiyo, najua unalala humo, najua zege umemwaga mwenyewe. Na najua unachotaka kusema: tukutoe kwanza, mama, kuvunja tutavunja baadaye. Nimekuzaa, baadaye yako naijua. Mtanifikisha mlimani, nitafia kwenye dawati la darasa la tatu, watu watakuja kuwapa pole, mtakula, mtafuta machozi, jua litatoka, na chumba kitabaki kimesimama, mtasema, ah, tukiache, ni kumbukumbu ya mama. Kumbukumbu yangu isije ikazamisha mtu. Hapo ng'ambo ya ukuta, binti wa fundi ana kichanga cha siku tisa, wamekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, na meza hiyo haina tofali chini yake. Wameambiwa boti inakuja. Tangu asubuhi inakuja. Sitoki kwenye kitanda hiki mpaka ukuta ule uanguke. Ukinipenda, vunja. Kama hunipendi, vunja vilevile.

Anza na ukuta wa chini, maji yanakoelekea, halafu ule wa juu, yanakotoka. Simama ubavuni, usisimame mbele, maji yakiona mlango hayapigi hodi. Jifunge ile kamba yangu nene ya kuanikia, kiunoni, mara mbili. Mkamwana ashike upande wa pili, lakini peke yake hatoshi. Mwalimu, nenda mlangoni ukamwite fundi. Mwite kwa jina la kazi yake, si lile lingine. Mwambie dobi anakufa na ana haja naye. Atakuja. Hakuna mtu asiyetaka kuja kuona hilo.

...

Nani huyo anayekohoa? Ingia, fundi, usisimame mlangoni kama bendera. Sogea, sauti yangu haifiki mbali. Eksi uliyoiona uliiona. Niliifuta mimi, kwa mafuta ya taa. Aliyewaelekeza kwenye banda lako ni mimi, kwa kidevu hiki. Mumeo alikufa kwa maji yangu. Wewe hukuwa na fitina hata siku moja. Mwenye fitina ndiye aliyelala hapa, na wanangu sasa wanajua, na mmoja ameandika.

Usinisamehe. Huna nafasi ya kunisamehe sasa, mjukuu wako yuko juu ya meza. Kama una la kunitukana liweke, nitakuja kulisikia huko mbele ya haki. Sasa hivi shika kamba. Mwanangu yuko upande wa pili wa kamba hiyo, nakukabidhi uhai wake, na najua ninamkabidhi nani. Nenda.

Mwalimu, kaa nami. Kalamu iweke kando. La kuzikwa: mnizike juu, mbali na mfereji, nisije nikaziba tena. Sanda yangu ioshwe kwanza, ya dukani ina wanga. Na kipupwe kijacho rimu ikigongwa, desturi ile igeuzwe: kila nyumba ikague la jirani, hata lililo chini ya sakafu, hata chini ya kitanda cha maharusi. Mwenyekiti akikataa, mwonyesheni karatasi hii. Manispaa muwatafute, msiwangoje. Yule mwenye viatu mtafuteni popote walipompeleka, mwambieni alipima sawasawa.

Nasikia. Moja. Mbili... Huyo anapiga kama baba yake alivyokuwa akibisha hodi, anaogopa kuitikiwa. Mwambie apige! Tatu. Ndiyo. Nne.

Mbona kimya? Mbona amenyamaza? Mwite. Mwite kwa nguvu, mimi siwezi... Kamba imekazwa? Fundi ameishika? Ameishika. Nilijua.

Tofali lipi? La tatu. Nahisi baridi, limefika kwenye ubao. Usininyanyue. Tulikubaliana.

Nipe mkono. Mkono wako una chaki, siku zote una chaki... Mungu awape miguu mikavu, wanangu. Awape jirani mnayeweza kumtazama usoni. Awape... alichokuwa amenipa mimi, nikakifunika kwa zege. Mkigombana, gombaneni kwa sauti, mambo ya kidevu acheni. Radhi yangu mnayo, wote, na yule mwenye pua...

Tano hiyo. Umesikia? Si nyundo ile. Ni ukuta.

Nyamaza, mwanangu. Nyamaza nisikie.

Huo... Usilie, utaniharibia. Sikiliza chini. Unakoroma.

Ukikoroma, baba yenu alisema...